King Kong: ya 1933 au ya 2005?

Swali: Shikamoo Mhariri. Hapa Majengo, Moshi, mdogo wangu anashikilia kwamba filamu ya King Kong ya 2005 imeipita ile ya 1933. Je, ni kweli?

Jibu: Marahaba. Mimi nasimama na ya kwanza. Willis O'Brien na wenzake walisogeza sanamu ndogo ya sokwe Kong kidogo kidogo, wakipiga picha moja baada ya nyingine, na ukitazama kwa makini utaona manyoya yake, yaliyokuwa ya sungura, yakitikisika kila yalipoguswa na vidole vya mafundi. Kwangu huo ndio uhai wenyewe. Kong wa mwongozaji Peter Jackson katika filamu ya 2005, aliyeundwa kwa kompyuta kutokana na miondoko ya mwigizaji Andy Serkis, ana macho yenye huzuni ya kweli, nakiri. Lakini filamu hiyo inapita saa 3, ilhali ya awali yatosheka na dakika 100 hivi.