Makopo mawili ya sinema ya Manila yanayonuka siki

SWALI: Assalaam aleikum, mtaalamu. Mimi ni Mzanzibari, naishi na kufanya kazi Muscat. Mwenzangu kazini, dada wa Kifilipino, ameachiwa na babu yake makopo mawili ya mkanda wa sinema. Babu huyo miaka ya 1950 alikuwa akiendesha projekta kwenye jumba la sinema Manila. Makopo yako kwa mama yake, Quezon City, chini ya ngazi. Yameandikwa namba 3 na namba 6 tu, jina la filamu hakuna. Mama anasema ukifungua yananuka siki, na amesikia kwamba mikanda ya zamani hulipuka, sasa anaogopa hata kulala nyumbani kwake. Nakutumia picha alizopiga kwa simu. Dada anakwenda likizo mwezi ujao na anataka kuyaleta huku, tutafute wa kuyatia kwenye kompyuta. Je, ni hatari? Tutajuaje ni filamu gani? Na kwa nini filamu za waigizaji kina Gloria Romero na Rogelio de la Rosa, ambazo bibi zake walikuwa wakizipangia foleni, leo hazionekani?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Nianze na lililomkosesha mama usingizi. Siki ni harufu ya asidi asetiki, na asidi hiyo hutoka kwenye mkanda wa asetati, ambao viwanda viliuita mkanda wa usalama kwa kuwa hauwaki ovyo. Unaoogopwa ni mkanda wa nitreti. Huo ukiharibika hutoa harufu kali kama ya soksi zilizovaliwa wiki nzima, picha hugeuka kahawia, uso unanata na kutoa mapovu, na mwisho wake ni unga wa kahawia. Ukifika hali hiyo unaweza kuwaka wenyewe kwenye joto la nyuzi 40 hivi za sentigredi, na ukishawaka hauzimiki kwa maji wala kwa kufunikwa, maana unajitolea oksijeni yake wenyewe. Mama ana haki ya kuuogopa mkanda wa aina hiyo. Ila sidhani kama ndio alionao.

Tazama picha yako ya tatu, ile iliyopigwa mkanda ukiwa umeelekezwa dirishani. Pembeni kabisa, nje ya matundu, pana neno SAFETY. Wengi wakishaliona hilo hufunga mjadala, na hapo ndipo makosa hufanyika, kwa sababu maandishi ya ukingoni hurithiwa. Negativu, yaani mkanda wa awali uliopita kwenye kamera, ikichapishwa kwenye mkanda mwingine, maneno ya ukingo wake huhamia kwenye nakala pamoja na picha. Kwa hiyo angalia rangi. Herufi nyeusi juu ya ukingo mweupe zilipigwa na kiwanda kwenye mkanda huo huo ulioushika mkononi. Herufi nyeupe juu ya ukingo mweusi zimetoka kwenye mkanda uliotangulia, na hazikuambii chochote kuhusu huu. Zenu ni nyeusi. Harufu na maandishi yanakubaliana: ni asetati.

Lakini picha zote ulizonitumia ni za kopo namba 3. Namba 6 hatujaiona. Asetati ya aina mpya iliingia sokoni mwaka 1948, na Kodak waliacha kutengeneza nitreti mwanzoni mwa miaka ya 1950. Katika miaka hiyo ya mpito jumba moja la sinema lingeweza kuwa na mikanda ya aina zote mbili rafu moja. Mama afungue namba 6 mchana, nje au dirishani, mbali na jiko, apige picha ya ukingo kama alivyofanya mwanzo, afunge. Asijaribu kukata kipande akakichoma aone kinavyowaka. Ushauri huo unazunguka mitandaoni na ni wa hatari.

Hatari ya moto ikiondoka, inabaki hatari kwa picha yenyewe, na hapa sina habari njema. Siki inayonukia ni mkanda unaojila. Joto na unyevunyevu huvunja asetati na kuachia asidi, na asidi ile ile ndiyo inayoharakisha uvunjaji unaofuata. Mwanzoni kazi huenda polepole kwa miaka mingi. Ikipita kiwango fulani, hukimbia. Plastiki inasinyaa, lakini jelatini iliyobeba picha haisinyai nayo, basi inainuka na kukunjana mifereji mifereji. Mkanda uliosinyaa zaidi ya asilimia 1 matundu yake hayakai tena kwenye meno ya projekta. Projekta ya kawaida itauchana, ndiyo maana nawaomba msiuingize kwenye mashine yoyote yenye meno, hata kwa dakika moja ya kuonja.

Sasa linganisha na mahali ulipokuwa. Taasisi ya Image Permanence ya Rochester, Marekani, ambayo imeuchunguza uharibifu huu kwa makini, inakadiria kuwa asetati mpya ikitunzwa kwenye nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 50 hukaa miongo minne au mitano hivi kabla siki haijaanza. Manila wastani wa joto ni kama nyuzi 28 na unyevu hupita asilimia 70. Chini ya ngazi, bila hewa, ni zaidi. Hata taarifa za kwanza za tatizo hili zilizomfikia Kodak, ndani ya miaka 10 tangu mkanda huo utoke, zilitoka kwa serikali ya India, kwenye joto na unyevunyevu kama huo. Sisi wa pwani tunaijua hewa hiyo vizuri: albamu za harusi za wazee wetu zimeota kuvu kwa sababu ile ile.

Hapo ndipo linapojibiwa swali lako la mwisho, na ndilo linaloniuma zaidi. Sinema ya Ufilipino ilipigwa mara mbili. Kabla ya vita zilitengenezwa filamu mamia, kuanzia Dalagang Bukid ya José Nepomuceno mwaka 1919. Zilikuwa za nitreti, na Februari na Machi 1945 Manila ilibomolewa katika vita vya mtaa kwa mtaa vilivyoua raia wapatao 100,000. Filamu za kabla ya vita zilizopona hadi leo zinahesabika kwa vidole.

Pigo la pili halikuwa na bomu wala mshindo. Baada ya vita studio nne kubwa, LVN, Sampaguita, Premiere na Lebran, ziliijaza nchi filamu. Kwa wingi huo Manila ilikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya sinema barani Asia. Lakini filamu ikishamaliza mzunguko wake, kutoka Manila hadi miji ya mikoani, haikuonekana tena kuwa mali. Nakala zilizunguka mpaka zikachakaa, nyingine ziliuzwa ili kukamuliwa madini ya fedha yaliyomo kwenye picha, na negativu zilikaa kwenye maghala yasiyo na ubaridi. LVN wenyewe waliacha kutengeneza filamu mwaka 1961, wakabaki na maabara. Hifadhi ya filamu ya serikali iliundwa mwaka 1982 ikafungwa baada ya utawala wa Marcos kuanguka mwaka 1986, na hifadhi ya taifa haikurudi hadi 2011. Robo karne hiyo yote siki ilikuwa ikifanya kazi usiku na mchana.

Kwa hiyo usishangae kwamba baadhi ya zilizopona zilisaidiwa na mikono ya nje. Genghis Khan ya Manuel Conde, iliyotengenezwa mwaka 1950 kwa pesa kidogo na ubunifu mwingi, ilishiriki tamasha la Venice mwaka 1952, na ni Venice hiyo hiyo iliyoshirikiana na Wafilipino kuirudishia uhai wake mwaka 2012. Giliw Ko ya 1939, ambamo Mila del Sol alianza akiwa msichana mdogo, ilikarabatiwa kwa msaada wa Waaustralia. Noli Me Tangere ya Gerardo de Leon ya 1961 iliokolewa na Wajerumani. Nawashukuru waliofanya kazi hizo. Hata hivyo inasikitisha kwamba taifa lililopenda waigizaji wake kiasi hicho limelazimika kwenda kuwatafutia dawa ugenini.

Turudi kwenye makopo. Kuitambua filamu isiyo na jina kuna njia mbili, na dada anaweza kuanza zote sebuleni kwa mama.

Ya kwanza ni mkanda wenyewe. Kwenye picha naona mstari mwembamba wenye meno meno kati ya fremu na matundu ya upande mmoja. Hiyo ni sauti, iliyochapwa kama picha na kusomwa na taa. Basi ni nakala ya kuonyeshwa ukumbini, na mkanda wake ni wa milimita 35. Kama ukingoni pana alama ndogo za duara, mraba au pembetatu karibu na neno KODAK, zipigeni picha kwa karibu: hizo ni alama za mwaka mkanda ulipotoka kiwandani. Alama hizo hurudiwa kila baada ya miaka 20, kwa hiyo ile ya 1935 ni ile ile ya 1955. Neno SAFETY kwenye nakala ya ukumbini ndilo litakalowaamulia ni lipi kati ya hayo mawili.

Njia ya pili ni sura, na naipenda kwa sababu inahitaji bibi zaidi ya mtaalamu. Studio za wakati ule ziliwafunga waigizaji kwa mikataba na kuwauza kwa jozi, mwanamume na mwanamke ambao watu walitaka kuwaona wakipendana filamu baada ya filamu. Mkimwona Nida Blanca akicheza dansi na Nestor de Villa, mko LVN, miaka ya 1950. Gloria Romero akiwa na Luis Gonzales ni Sampaguita. Pancho Magalona na Tita Duran nao ni Sampaguita, mapema zaidi kidogo. Amalia Fuentes au Susan Roces wakiwa bado wasichana wanawapeleka nusu ya pili ya muongo, Sampaguita hiyo hiyo. Rosa Rosal na Tony Santos kwenye magofu ya Intramuros, mji mkongwe wa Manila, ni jambo la kusimamisha moyo, kwani hapo mtakuwa mnatazama Anak Dalita ya Lamberto Avellana ya 1956, iliyoshinda tuzo kuu ya tamasha la filamu la Asia huko Hong Kong. Rogelio de la Rosa hatawasaidia sana kukisia mwaka. Alikuwa nyota tangu kabla ya vita, na aliendelea hadi umaarufu wake ukamwingiza Seneti mwaka 1957.

Fremu mliyonitumia inamwonyesha mwanamke aliyevaa terno, ile nguo ya mikono iliyosimama mabegani, akiwa ameupa mgongo mlango, na nyuma yake mwanamume mwenye kofia. Sura ya mwanamke imepotea kwenye mkunjo wa kwanza wa mfereji. Sitaki kubahatisha jina. Mama azungushe mizunguko ya juu kwa vidole, taratibu, akiwa amevaa glavu safi za pamba, apige picha fremu moja moja dhidi ya mwanga. Akikuta mizunguko imegandana asivute. Kisha aonyeshwe bibi yeyote wa mtaani aliyevuka miaka 80. Atataja majina kabla hajamaliza kuvaa miwani.

Usitarajie filamu nzima. Kopo moja la mita 300 ni dakika 11 hivi, na hata kama yenu ni makubwa ya mita 600, pamoja hayafiki saa moja. Lakini kama nakala nyingine zote zimeoza, dakika hizo ndizo filamu.

Kuhusu kuyaleta Muscat, nawaomba msifanye hivyo. Kopo namba 6 likiwa nitreti ni kosa la usalama kulipandisha ndege. Na hata yote yakiwa asetati, mkanda uliosinyaa na kukunjana unahitaji skana isiyo na meno, mara nyingine yenye kimiminika kinachofunika michubuko wakati wa kupiga picha, na mtu aliyezoea kuulainisha kabla. Duka la kuhamisha kanda za harusi halina vitu hivyo, na hata kwa nia njema litauvunja.

Kabla ya likizo, dada awasiliane na hifadhi ya filamu ya taifa iliyo chini ya Baraza la Maendeleo ya Filamu la Ufilipino, Manila. Awatumie picha za ukingo, za fremu, na za makopo yenyewe na namba zake. Wakati anasubiri jibu, mama ayatoe chini ya ngazi, ayalaze kwenye chumba chenye kiyoyozi, juu ya rafu, mbali na albamu na mikanda mingine, kwa kuwa mvuke wa siki huambukiza. Kifuniko kisibanwe: asidi iliyofungiwa ndani humaliza mkanda haraka zaidi. Asiyatie kwenye friza ya nyumbani vivi hivi, unyevu utagandia kwenye jelatini. Ubaridi wa kweli utafanywa na hifadhi, kwenye mifuko maalumu.

Siku ya kukabidhi, dada aombe hati yenye jina la babu yake kama mtunzaji, na iandikwe humo kwamba wakishaukopi mkanda familia itapewa nakala ya dijitali. Hiyo ndiyo ailete Muscat. Nanyi mkishajua jina la filamu, tafadhali niandikieni.