Risasi zinaniishia kwenye Doom mpya, nakosea wapi?

SWALI: Shikamoo kaka wa gemu. Doom niliijua nikiwa mdogo kwenye kompyuta ya baba mdogo, ile ya 1993, tena sehemu ya kwanza tu waliyokuwa wanaigawa bure. Sasa juzi nimeanza ile ya 2016 kwa hamu kubwa lakini nakufa kila dakika mbili, risasi zinaniishia, nikijibanza nyuma ya ukuta nisubiri damu ijae haijai hata kidogo. Niiache nihamie hii mpya ya ngao au vipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na usiiache! Shida yako ni hapo hapo kwenye kujibanza. Gemu nyingi za vita zimetuzoesha kwamba ukipigwa unajificha, unapumua, damu inarudi yenyewe, lakini Doom hii damu haijirudishi, damu yako iko kwa adui. Piga pepo mpaka aanze kuyumba na kuwakawaka, hapo mkimbilie ummalizie kwa mikono, atadondosha damu unayoihitaji. Risasi zikipungua toa msumeno, ukimkata nao pepo risasi zinamwagika kibao. Ila msumeno unakula mafuta na pepo mkubwa anakula mengi zaidi, kwa hiyo usiumalizie kwa majitu, tafuta vile vidogo vidogo. Yaani ukiwa hoi ndio muda wa kwenda mbele, na ukishaizoea hiyo hali mwili wenyewe unakataa kusimama.

Na hii haikuja kirahisi. id Software, kampuni inayotengeneza Doom, walitangaza Doom 4 mwaka 2008, wakaitengeneza ikawa inafanana mno na gemu za vita za kisasa, vita vya duniani, matukio yaliyopangwa hatua kwa hatua, mwisho wakaona hii sio Doom wakaitupa na kuanza upya. Mimi nawaheshimu sana kwa hilo, kutupa kazi ya miaka sio mchezo. Walichorudia ni kile kile ulichokiona kwa baba mdogo: mbio, funguo za rangi, vyumba vya siri, na bunduki ambazo husimami kuzipakia risasi (isipokuwa ile shotgani ya mitutu miwili, hiyo lazima uisubiri kidogo na inastahili). Hata mwanzo wake unakuambia kila kitu, jamaa anaamka amefungwa minyororo huko Mars, mtu anaanza kumuelezea mambo kwenye skrini, yeye anaisukumia mbali aende zake kazini. Halafu vaa hedifoni tafadhali, muziki wa Mick Gordon unapanda na kushuka kufuatana na pambano lako na ulichangia gemu hii kubeba tuzo ya muziki na sauti kwenye The Game Awards mwaka ule ule wa 2016.

Ukizidiwa shusha ugumu katikati ya gemu, inaruhusu, wala usione aibu.

Kuhusu ya ngao, The Dark Ages ya 2025, hadithi yake inatangulia ya 2016 lakini mimi ningekuambia uicheze mwisho. Pale unasimama imara, unakinga, unarudisha makombora ya kijani kwa ngao, ni uchezaji mzito tofauti kabisa, na kwenye kompyuta inadai kadi ya grafiki yenye uwezo wa ray tracing (ile teknolojia ya kuchora mwanga na vivuli kama vya kweli), kwa hiyo angalia mashine yako kwanza. Katikati kuna Eternal ya 2020, hiyo inakimbia kuliko zote na inakulazimisha ubadilishe silaha kila sekunde, ukiingia nayo bila kupita ya 2016 utachanganyikiwa bure.

SWALI: Naweza kucheza hizi Doom mpya na rafiki yangu?

JIBU: Hadithi kuu hapana, zote tatu ni za mtu mmoja. Ya 2016 ilikuja na mapambano ya mtandaoni, pia SnapMap ya kujitengenezea ramani ambayo humo mnaweza kushirikiana kuua mapepo. Eternal ina Battlemode, mmoja anakuwa Slayer, yaani yule jamaa shujaa wa Doom, wengine wawili wanakuwa mapepo, raha yake ni kumuona rafiki yako anavyokutegea. The Dark Ages haina kabisa.