Barua kwa mwanangu, uliyeuliza kuhusu wasiowahi kuingia ukumbini

Mwanangu,

Meseji yako niliisoma juzi usiku nikashindwa kuijibu kwa simu, maana jambo lenyewe sio la mistari miwili, ndo maana nimeamua kukuandikia barua nzima, isome ukiwa umetulia nyumbani sio kwenye daladala.

Umeuliza hivi, nanukuu maneno yako, "Mama ni haki tuwatoe kwenye kundi letu la wapenda maigizo wale ambao hawajawahi kuingia ukumbini hata siku moja, maana wanabishana na sisi tuliolipa kiingilio tukaona kwa macho yetu?" Nimekuelewa vizuri tu. Ila mi naona kuna swali linatangulia hilo lako, kwamba hivi mtu anaweza kuupenda mchezo ambao hajauona? Kwa sababu kama hawezi, basi mama yako miaka yote ile alikuwa anapenda kitu gani.

We ulikuwa darasa la tatu, 2001, utakumbuka zile Jumamosi nilizokuwa nawaacha kwa bibi yenu Isanga nasema naenda sokoni afu narudi bila mboga. Nilikuwa Uhindini hapa hapa Mbeya, kwenye intaneti kafe. Elfu moja kwa saa, na hiyo elfu moja ilikuwa pesa kweli, na barua moja ya imeili kufunguka unaweza kusuka ukili, kwa sababu enzi hizo kila kitu kilipita kwenye setilaiti, ule mkonga wa baharini ulifika Dar 2009. Kwa hiyo nilikuwa naandika kwanza nyumbani kwenye daftari, mbele na nyuma, nikifika pale nachapa harakaharaka na vidole vimeganda, unaijua baridi yetu ya mwezi wa saba. Za wenzangu nilikuwa siwezi kuzisoma pale pale maana dakika zinakwenda, naziprinti, nazisoma usiku baba yenu akiwa amelala.

Tulikuwa sita tunaoandikiana kuhusu maigizo. Mwalimu wa Songea niliyesoma naye chuo ndo aliyetuunganisha, kulikuwa na kijana wa Zanzibar, wawili wa Dar, mimi, na nesi mmoja mzaliwa wa Tukuyu aliyekuwa anafanya kazi London. Ukiandika unawatumia wote watano. Ndo hivyo tu, hakukuwa na kiongozi wala masharti, sijui hata kama tulikuwa kundi kwa maana yenu ya siku hizi, lakini nakwambia sijawahi kuwa na marafiki kama wale na nusu yao sijawahi kuwaona sura mpaka leo.

Sasa unajua ninachoamini mimi, nimewaambia tangu mko wadogo. Mchezo ni sikio kwanza, jicho linafuata. Nyie mlilelewa na redio. Ule mchezo wa redio, Twende na Wakati, ulipoanza 1993 hapa nyumbani hakuna aliyekuwa anaongea muda huo, baba yenu alikuwa anamfokea Mkwaju kama vile yule dereva wa lori amepaki hapo nje barabara ya Tunduma, bibi yenu anamwonea huruma Tunu, mke wa Mkwaju, mpaka anatoa machozi. Nani alimwona Mkwaju? Hakuna. Na mama yenu mdogo alikuwa ameolewa Dodoma, kule mchezo haukurushwa mpaka 1995, wataalamu waliiacha Dodoma makusudi warushiwe kitu kingine ili wapime kama mchezo unabadilisha watu. Yeye hakujua mambo ya vipimo, alichojua ni kwamba dada zake wa Mbeya wanasikia na yeye hasikii. Basi mimi nikawa namwandikia barua kwa posta, kila mwezi, Mkwaju kafanya hivi, Tunu kasema vile, na sauti zao nilikuwa namwelezea. Mpaka leo ukimuuliza atakwambia aliusikiliza ule mchezo tangu mwanzo. Na mimi siwezi kumwambia hapana hukusikiliza.

Kwa hiyo nesi alipoanza kutuandikia kuhusu ule ukumbi wa Globe, nilimwelewa haraka, nilijua anachofanya.

Ngoja nikueleze huo ukumbi maana unastahili. Uko kando ya mto Thames, umejengwa kufuata ule ambao Shakespeare alikuwa anafanyia kazi. Mwigizaji wa Kimarekani, Sam Wanamaker, alihangaika nao miaka na miaka, akafa 1993 haujaisha, ukafunguliwa 1997. Mbao za mwaloni zimeshikanishwa kwa vigingi, na paa ni la nyasi! Nesi wetu alifurahi sana na hilo paa, akatuandikia ametoka Rungwe kwenye nyumba za mianzi na nyasi, kaenda mpaka London kukuta nyasi tena, na kule ilibidi wapate kibali maalumu kwa sababu tangu mji ulipoungua 1666 nyasi zilikatazwa, wakaweka mabomba ya maji juu ya paa. Hofu yao ina sababu. Ule ukumbi wa kwanza uliungua 1613, walipiga mzinga katikati ya mchezo cheche ikarukia kwenye paa, ukateketea wote, hakuna aliyekufa ila mwanaume mmoja suruali yake ilishika moto wakaizima kwa pombe. Tunayajua hayo kwa sababu mtu anaitwa Henry Wotton alimwandikia ndugu yake barua. Barua, mwanangu!

Katikati hakuna paa, ni uwanja wazi, enzi hizo walikuwa wanasimama watu kama 700, kiingilio pauni 5, mwavuli hauruhusiwi. Nesi alikuwa anatoka zamu ya usiku anaenda kusimama hapo saa tatu nzima na miguu imevimba. Na yeye ndo alituambia watu wa enzi za Shakespeare walikuwa wanasema pia wanaenda kuusikia mchezo, kuusikia, sio kuuona tu. Niliposoma hapo nilimwamsha baba yenu.

Mwaka huo walicheza King Lear, yule mfalme mzee anayewagawia mabinti nchi, binti wa tatu anayekataa kujipendekeza anakosa. Nesi alienda mara nne. Mara ya tatu mvua ikanyesha kweli wakati mfalme yuko nje kwenye tufani, akatuandikia kurasa sita, jinsi mzee anavyopiga kelele huku maji yanamtiririka usoni na wao waliosimama wamelowa kama yeye, hakuna aliyeondoka, hujui tena nani anaigiza kunyeshewa na nani ananyeshewa. Nilisoma ile barua mwezi wa tisa, huku kwetu vumbi tupu, baridi kavu, mbinguni hakuna wingu, na nilikaa jikoni nikalia.

Sasa nakuja kwenye lenyewe, na hili sijawahi kukwambia.

Mwaka uliofuata tukaongezeka, mmoja wa wale wa Dar akaleta wenzake. Wakaomba tuwaeleze tunapenda nini. Mimi nikaandika ile mvua. Niliiandika vizuri, sijawahi kuandika kitu vizuri vile, na mahali popote sikuandika nimeambiwa. Sikuandika pia nilikuwepo. Niliacha tu hivyo hivyo. Baada ya siku chache mmoja wa wale wageni, mtu aliyesafiri sana, akaniuliza mbele ya wote, "Mwalimu, wewe ulisimama upande gani? Na London ulienda lini?" Afu akaongeza, "Nauliza kwa sababu wengine tumelipa."

Nilifunga ile mashine na dakika zangu ishirini zikiwa zimebaki. Nilitembea kutoka Uhindini mpaka nyumbani kwa mguu. Wiki nne sikurudi, hizo ndo Jumamosi mlizokula mboga, nadhani unazikumbuka maana ulisema mama siku hizi anakuja na mchicha.

Niliporudi nilikuta nesi amemjibu. Mstari mmoja tu. "Mwalimu alisimama kushoto kwangu."

Hakuna aliyeuliza tena.

Kwa hiyo hapo nifanyeje? Nimelifikiria miaka zaidi ya 20. Kuna siku nasema ule ulikuwa uongo, mwanamke mwema alidanganya kwa ajili yangu na mimi nikakaa kimya kwa sababu kukaa kimya kulinifaa. Nilipaswa kuandika hapana jamani, mimi sijawahi hata kupanda ndege. Afu kuna siku namfikiria mama yenu mdogo kule Dodoma na barua zake, nasema hapana, nesi alijua anachosema, kila alichokiona pale alikiona mara mbili, mara ya pili kwa ajili yetu sisi watano, asingekuwa anahesabu kurasa za mvua kwa ajili yake peke yake. Afu nageuka tena, nasema lakini yule bwana alikuwa na haki ya kuuliza. Alikuwa nayo. Mtu akisimulia mvua unaweza kumuuliza alilowa wapi.

Na wewe pia una hoja, sikatai. Waigizaji wanakula kwa kiingilio, wale vijana unaowafuata mpaka Bagamoyo hawawezi kununua unga kwa mapenzi ya mtu aliyekaa nyumbani akipiga stori, na anayesema mchezo mbovu wakati hajauona anawaharibia riziki. Hilo la kuhukumu bila kuona hata mimi silipendi. Lakini kuhukumu na kupenda ni vitu viwili. Na kilichonikosesha usingizi kwenye meseji yako sio swali, ni yale maneno "sisi tuliolipa." Nimeshayasikia hayo maneno. Sikutegemea kuyasikia kwako, wewe uliyejifunza mchezo chini ya meza ya redio.

Kundi ni lenu, usinitake niseme watolewe au wabaki. Nimeahidi sintasema, ingawa najua ukisoma mpaka hapa utakuwa umeshanisikia.

Ila fanya hivi kwanza, kabla hamjamtoa mtu yeyote, waulizeni ni nani aliyewasimulia. Kila mmoja. Mtashangaa.

Nesi aliniandikia mara ya mwisho 2012. Mwaka huo Globe walileta michezo yote ya Shakespeare 37, kila mmoja kwa lugha yake, na Wakenya wakapewa The Merry Wives of Windsor wakaicheza kwa Kiswahili, palepale, chini ya zile nyasi. Alisema alikuwa anacheka kabla ya Waingereza waliosimama naye, wanamgeukia kumwangalia, na yeye anashindwa kuwaeleza anacheka nini. Akamalizia kwa asante sana ya Kinyakyusa, "Ndaga fijo, Mwalimu, leo mguu wa kushoto nao umevimba." Nilimjibu. Sikumuuliza lile jambo. Nilikuwa na nafasi na sikumuuliza.

Karatasi zote ziko kwenye sanduku la bati la baba yenu, chini ya kitanda cha chumba cha wageni, zile za kafe wino umeanza kufifia. Ukija Krismasi zitoe, uzipige picha zote na hiyo simu yako. Anza na ya mvua, kurasa sita, ukurasa wa nne una doa la chai, ni langu. Mama mdogo naye atakuwepo, ukimaliza kusoma msomee kwa sauti.

Mama yako
Mbeya