Pilau ya shughuli imebaki, nimpe nani?

Swali: Anti shikamoo. Mimi napika shughuli huku Mbagala, harusi, sendoff, ubarikio. Yani kila wikiendi chakula kinabaki, masufuria mawili ya pilau hayajaguswa kabisa, saa saba usiku kamati washalewa hakuna hata wa kumuuliza, wananiambia mama mwaga tu tuondoke. Kuna kituo cha watoto jirani natamani niwapelekee ila naogopa wakiumwa matumbo ndo itakuwa mimi nimewalisha sumu. Nifanyeje?
*Mama Masufuria*

Jibu: Marahaba mama. Uoga wako una msingi, ila pilau usimwage.

Iko hivi, kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake zinakaa kwenye mchele na moto wa kupikia hauziui zote, sasa wali ukikaa vuguvugu zinaamka, zinazaana, zinaacha sumu, na hiyo sumu ya kutapisha hata upashe moto vipi haitoki. Ndo maana utasikia mtu analalamika "mbona tuliupasha" na huku anatapika. Shirika la Afya Duniani wanasema chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzi 60 au chini ya 5, kisiachwe nje zaidi ya masaa mawili. Kwa hiyo pilau iliyokaa jikoni imefunikwa na bado inafuka moshi, hiyo inatoka. Iliyokaa mezani kwenye bufee watu wanachota na kupiga stori juu yake, hapana, na kachumbari usithubutu.

Sasa kosa linaanzia kusubiri saa saba. Saa saba watoto wamelala na mlinzi hakufungulii. Wewe ikifika saa tatu, foleni ya wageni ikishapita, unajua kabisa sufuria lipi halitafunguliwa, hilo liondoke na bajaji muda huohuo likiwa la moto. Ila ujue umeshaongea na kituo wiki nzima kabla: wanapokea chakula kilichopikwa? Wana friji? Kama ni cha kulala mpaka kesho wakigawe kwenye sinia pana kipoe haraka, sio kukiacha ndani ya sufuria refu, katikati pale moto haupoi mpaka asubuhi. Na waambie ni nyama ya nini na nani kachinja, kama kuna karanga sema, watu wanasahau hili halafu unakuta nusu ya watoto hawali.

Na kamati usiwaulize usiku wakiwa na bia mkononi. Siku ya kusainishana malipo andika mstari mmoja kwamba kitakachobaki jikoni kinaenda kituo fulani. Chakula ni chao, wamekilipia, ukibeba kimyakimya kesho unaitwa mwizi. Marekani tangu 1996 wana sheria inayomkinga anayetoa chakula kwa nia njema, Ufaransa nao 2016 wakakataza supamaketi kubwa kuharibu chakula kinacholika, lakini hizo ni za kwao, wewe itakulinda saa yako na hayo maandishi.

Halafu mama tuseme ukweli, kila wikiendi masufuria mawili? Kadi mia tatu sio watu mia tatu, wewe mzoefu unajua, punguza mchele.

Swali: Anti, kikundi chetu cha akina mama Kondoa tuna magunia ya mahindi yameota ukungu kidogo, mwenyekiti anasema tuyaoshe tuyaanike tuwape wazee wasiojiweza. Ni sawa?
*Mwanakikundi*

Jibu: Hapana. Hiyo ndo sumukuvu, sumu inayoachwa na ukungu, na kuosha na kuanika hakuiondoi, kupika nako hakuiondoi. Hapohapo kwenu mkoa wa Dodoma na jirani zenu Manyara watu walikufa 2016 kwa mahindi ya namna hiyo, na Kenya 2004, huko Makueni na Kitui hasa, waliugua 317 wakafa 125. Msimpe hata ng'ombe, inatokea kwenye maziwa. Tengeni hayo magunia, mumuite afisa kilimo wa kata awaelekeze namna ya kuyateketeza, na mwenyekiti asiyauze kwa bei ya hasara maana naye mnunuzi atasaga. Wazee mwezi huu changishaneni muwanunulie unga, hata kilo mbilimbili.