Jibu: Bwato inakwama mu potopoto hapa Bukavu, niiache tu nikingoja drage?

Yaya, umeuliza kama unaweza acha bwato ilale tu mu potopoto (matope) ya beach mpaka drage, ile mashine ya kuchimbua matope, ikuje, juu shemeji yako wa Mombasa anafanyaga vile. Hapana. Ule iko ku bahari, maji inapanda na kushuka mara mbili kwa siku, bwato inakalia matope masaa kidogo kisha inaelea yenyewe. Ziwa Kivu haina hiyo mambo, maji yetu inafuata mvua na mto Ruzizi, ikishuka mu kiangazi utangoja miezi na mbao zinapasuka na jua.

Mi ningeitoa pale leo. Isogeze mbele kwenye maji marefu, nanga moja mbele na kamba ingine nyuma, upepo wa usiku usiizungushe. Pima na fimbo ndefu, lakini pole pole, potopoto ya juu iko laini sana fimbo inapenya unazani ni maji bado.

Shida kubwa njo motere. Pompe yake inavuta mchanga na maji, inakufa. Mu maji mafupi inua motere upige kasia, na ule mukojo wa maji yenye inatokaga nyuma ukipungua, zima palepale!!

Na hiyo drage, hata ikichimbua, mto Kawa itarudisha matope pamoja na machupa ya plastiki (zilezile zinazibaga turbini za umeme za Ruzizi). Uliza kwanza watamwaga wapi, wakirundika kando ya beach, mvua ya mwezi wa 9 inarudisha yote.