Baba atanilipia mtihani mmoja tu wa Kijerumani: nichague upi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 22, naishi Chikongola, Mtwara. Nimejifunza Kijerumani mwaka mzima kwa simu na vitabu vya kuazima. Nataka kwenda Ujerumani kama au pair, yaani kukaa na familia na kuwasaidia kulea watoto, baadaye nisomee unesi hukohuko. Baba ameahidi kunilipia mtihani mmoja tu akishauza korosho. Rafiki zangu wanasema niruke A1, ngazi ya kwanza ya lugha, niende B1, ngazi ya tatu, moja kwa moja. Kuna na mtu Dar anayesema atanipa cheti bila kukaa kwenye mtihani. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na huyo mtu wa Dar: usimpe hata shilingi. Siku ya viza ofisa akikuuliza kwa Kijerumani umekuja na nani, utajibu nini? Na ukishikwa na cheti cha kughushi, umejifungia mlango mwenyewe.

Viza ya au pair inadai A1, basi. Unesi ndio unaotaka zaidi: B1 ndiyo ngazi ya chini, na shule nyingi za uuguzi kule zinataka B2, ngazi inayofuata. Hela ya baba (na hilo neno hela tulilipata kwao, kwenye sarafu yao ya Heller) iweke kwenye A1. Sababu ni hii. A1 alama zinajumlishwa: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza vikikupa 60 kati ya 100 umefaulu, hata kama sehemu moja imekwenda vibaya. B1 kila sehemu inasimama peke yake, na kila moja inataka 60 zake. Nafuu yake ni kwamba ukianguka moja unairudia hiyo tu. Lakini kuirudia ni ada nyingine, nauli nyingine ya basi kutoka Mtwara mpaka Dar, na mahali pa kulala. Mtihani wa Goethe, taasisi ya Kijerumani ya lugha na utamaduni, unafanyika pale Upanga.

Usikimbilie kujiandikisha mapema mno pia. Cheti chenyewe hakifi, ila ubalozi na waajiri hawapendi cha siku nyingi. Tafuta familia ya kukupokea kwanza, mambo yakianza kueleweka ndipo ulipie.

Sasa masikio. Hapa ndipo watoto wetu wa kusini wanapoangukia, na mimi nilianguka hapohapo. Kwenye B1 yangu ya kwanza nilisikia maelezo ya mwongoza wageni, nikaweka kalamu chini nikisubiri yarudiwe. Hayakurudiwa. Sehemu ya pili na ya tatu za kusikiliza husikika mara moja tu, na mwalimu aliyenifundisha hakuwahi kuniambia. Nililia kwenye basi mpaka Kibiti. Hata A1 ina sehemu inayosikika mara moja, yale matangazo ya stesheni na dukani. Kwa hiyo nyumbani usirudie rudie sauti. Sikiliza mara moja, andika ulichopata, halafu ndipo urudi kukagua.

Na saa, mwanangu. Mjerumani akisema „halb acht“ unasikia nane na nusu. Kichwa cha Kiswahili kinatoa sita, kinapata saa mbili na nusu, unaandika hivyo, umekosa. Yeye anahesabu nusu ya kuifikia nane, yaani 7:30, kwetu saa moja na nusu. Ifikirie kama kasorobo yetu: saa mbili kasoro nusu. Namba nazo zinageuka, 87 ni saba na themanini, na kwenye A1 utaulizwa namba, pengine ya simu, na utatakiwa kutaja herufi za jina lako. Jizoeze kwa kutaja Mtwara: em, te, ve, a, er, a. Hiyo w isome ve. Mwanafunzi wangu mmoja wa Ligula alikuwa anasoma kwa Kijerumani namba za bajaji zinazopita mbele ya nyumba yao, kila jioni, mpaka mdomo ukazoea.

Kuhusu der, die, das, yale maneno matatu yanayotangulia nomino, usitishwe na wanaolalamika. Wewe umekulia kwenye ngeli. Mtu anayejua kiti hiki na mti huu bila kufikiri hashindwi na makundi matatu. Kila nomino ijifunze na kichwa chake, kama unavyojifunza mtu na ubini wake.

SWALI: Mwalimu, nimemaliza kidato cha sita Lindi. Nataka kusomea elimu ya mifupa ya kale Ujerumani, ile ya dinosaria wa Tendaguru iliyochimbwa kwetu 1909 hadi 1913 na kupelekwa Berlin. B2 inatosha kuingia chuo kikuu?

JIBU: Kwa kozi zinazofundishwa kwa Kijerumani, mara nyingi haitoshi, kijana wangu. Vyuo vingi vinataka TestDaF yenye daraja la 4 katika sehemu zote nne, au DSH-2, ambayo hufanyika hukohuko kwenye vyuo vyao; yote miwili ni mitihani ya Kijerumani kwa wanaotaka kuingia chuo kikuu. B2 ichukulie kama ngazi ya kupandia. Anza kusoma maelezo ya makumbusho yao kwa Kijerumani, ukurasa mmoja kila siku. Majina ya mifupa utayakuta mengi ya Kilatini, nusu ya kazi imepungua. Ukifika, simama chini ya yule mnyama mrefu wa Tendaguru, kisha uniandikie.