Mafundi Wanajibu: Mikoba ya Kitenge na Mifuko ya Salfeti

Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini, tarehe 1 Juni 2019, kila anayekwenda sokoni anahitaji mfuko unaovumilia. Barua za safari hii zimetoka Kigoma na Tabora, na nyingi zina kilio kimoja: mfuko unapendeza dukani, lakini haumalizi mwezi. Tumechagua sita.

Shikamooni mafundi. Nashona mifuko ya sokoni kwa kitenge, bitana naweka ya shuka. Wateja wananirudishia baada ya wiki mbili tatu, mkanda umechomoka pamoja na kipande cha kitenge. Uzi wangu ni mzuri na mshono naurudia mara tatu. Nakosea wapi?
*Msomaji, Mwanga, Kigoma*

Marahaba. Hicho kipande cha kitenge kilichong'oka na mkanda ndicho kinachosema ukweli. Uzi haukukatika, kitambaa ndicho kilichokatika. Ukirudia mshono mara tatu juu ya mstari uleule, sindano inatoboa matundu juu ya matundu, na kitambaa kinachanika hapo kama karatasi ya stempu. Mchele kilo 5, ndizi na chupa ya mawese vikikaa ndani, uzito wote unaangukia mstari huo mmoja wa sentimita mbili na nusu.

Tawanya uzito. Kwanza, ndani ya upindo wa juu, pale mkanda utakapokaa, weka kiraka cha sentimita 6 kwa 6 cha jinzi kuukuu au salfeti (ule mfuko wa nyuzi za plastiki unaobebea mbolea, unga au sukari). Pili, mkanda usiishie kwenye upindo, ushuke sentimita 8 chini ya mdomo wa mfuko. Tatu, shona mraba wa sentimita 2 kwa 2 mwishoni mwa mkanda, kisha katiza ndani yake kutoka pembe hadi pembe ili ipatikane alama ya X. Shona mraba wa pili kama huo karibu na mdomo. Mshono wa kurudia unatosha mara moja, mwanzo na mwisho.

Mkanda wenyewe nao tuutazame. Kata kitenge upana wa sentimita 10, kunja kingo mbili zikutane katikati, kisha kunja tena, upate sentimita 2.5 zenye tabaka nne. Kabla ya kukunja mara ya mwisho, laza ndani utepe wa salfeti wa sentimita 2.3 uliokatwa kwa kufuata nyuzi zake. Mkanda hautavutika tena. Shona mistari miwili, kila mmoja milimita 3 kutoka ukingoni, na wa tatu katikati.

Kwa mfuko wa mizigo mizito hasa, kwa mfano wa muuza dagaa, mkanda upite mzima kutoka mdomoni, chini ya kitako, hadi mdomo wa upande wa pili. Unakula kitambaa zaidi, lakini hapo mzigo unabebwa na mkanda, si na kitenge.

Naomba vipimo vya mfuko wenye kitako. Nikiukata unatoka ama mwembamba ama mfupi. Na je, kitenge cha yadi 6 kinatoa mifuko mingapi?
*Msomaji, Ujiji*

Vipimo vinakupotea kwa sababu kitako kinakula upana na urefu kwa pamoja, na wengi husahau kukihesabu. Tuseme unataka mfuko wenye upana wa sentimita 35, kimo 38 na kitako cha 12. Kwa upana, chukua 35, ongeza 12 za kitako, ongeza 3 za mishono miwili ya pembeni: 50. Kwa kimo, chukua 38, ongeza 6 (nusu ya kitako), 1.5 ya mshono wa chini na 4 za upindo wa juu: 49.5, kata 50. Kwa hiyo ni vipande viwili vya 50 kwa 50. Mraba mtupu, rahisi kukumbuka.

Kwenye pembe mbili za chini za kila kipande, ondoa mraba wa sentimita 6. Hapa ndipo watu wanapoharibu: wanataka kitako cha 12, basi wanakata mraba wa 12, na mfuko unatoka na kitako cha 24, kimo hakuna. Mraba ni nusu ya kitako siku zote. Shona pembeni na chini kwa sentimita 1.5, kisha fungua kila pembe, kutanisha mshono wa pembeni na mshono wa chini, mmoja ulale kulia na mwingine kushoto ili visirundikane, halafu shona kukatiza kwa sentimita 1.5 ileile.

Sasa kitenge. Yadi 6 ni karibu mita 5.5, na upana wa vitenge vingi ni kama sentimita 115. Kabla ya kukata, loweka kwenye maji baridi, anika, piga pasi. Wanga wa dukani utatoka na kitambaa kitarudi kabisa kabla hakijawa mfuko. Kisha panga vipande viwili viwili kukatiza upana: safu 9 zinachukua mita 4.5, nazo ni mifuko 9. Pembeni, kwa urefu wote wa kitenge, unabaki utepe wenye upana usiopungua sentimita 10. Kata humo mikanda 8 ya urefu wa 65. Mikanda 10 iliyosalia itoe kwenye kile kipande cha mwisho, cha karibu mita moja, kinachobaki baada ya safu 9. Jumla 18, miwili kwa kila mfuko. Anayetaka kuvaa mfuko begani akate mikanda ya 80, ila mifuko itapungua.

Hesabu hiyo ni ya maua yanayotazama pande zote. Kitenge chenye ndege au vyungu vilivyosimama kitakulazimisha kugeuza vipande vyote upande mmoja, na mabaki yataongezeka. Usijaribu kubana: hakuna mteja anayependa ndege aliyelala chali.

Huku Urambo mifuko mitupu ya mbolea imejaa kila nyumba kwa sababu ya tumbaku na mahindi. Nataka kuigeuza mikoba na kuweka kitenge kwa nje. Ni salama? Nayo husafishwaje?
*Msomaji, Urambo, Tabora*

Inafaa kwa mikoba ya madaftari, ya nguo, ya vifaa vya fundi. Kwa chakula, hapana, hata ukiiosha mara kumi. Na mfuko wowote uliobeba dawa ya kuulia wadudu au magugu usiuguse kabisa, wala usimpe mtoto aufanyie begi la shule. Kwa mifuko ya sokoni tafuta salfeti zilizobeba unga, mchele au sukari.

Salfeti ya mbolea ioshe hivi. Toa nailoni ya ndani. Geuza mfuko nje ndani, kung'uta ukiwa umesimama upande unakotoka upepo, kisha loweka kwenye ndoo kwa saa kadhaa. Mbolea kama urea na CAN huyeyuka majini, kwa hiyo kinachohitajika ni maji ya kutosha kuliko nguvu. Badilisha maji mara mbili, ya tatu tia sabuni na sugua mishono ya kitako, maana chembechembe hujificha hapo. Maji hayo usiyamwage karibu na kisima wala mahali wanyama wanywapo. Usafi huu si wa macho tu. Chumvi za mbolea huvuta unyevu hewani, na zikibaki kwenye mfuko, pete za chuma na zipu zitaota kutu na mkoba utakuwa na ubichi usioisha.

Anika kivulini. Salfeti ni nyuzi za plastiki, na jua huzivunja polepole. Ndiyo maana ule mfuko uliofunika kuni msimu mzima unachanika ukiushika tu. Kabla ya kukata, kunja kona na uikwaruze kwa ukucha: ikitoa unga mweupe au nyuzi zikikatika, tupa. Hakuna bitana itakayouokoa.

Wakati wa kushona, kingo ndizo zinazosumbua, zinafumuka haraka. Zungushia utepe wa kitenge wa upana wa sentimita 4 kila ukingo usioingia ndani ya bitana. Kuchoma ukingo kwa mshumaa kunawezekana, lakini matone ya plastiki huunguza vidole, na ukingo uliounguzwa huwa mkali kiasi cha kukata kitenge. Pasi isiguse salfeti. Plastiki hii huyeyuka karibu na nyuzi joto 160, nayo pasi ya pamba inazidi hapo. Piga pasi kitenge peke yake, kisha mikunjo ya salfeti ilaze kwa mgongo wa kijiko.

Mifuko ya saruji tumeulizwa pia. Vumbi lake likilowa hubabua ngozi, kwa hivyo vaa glavu, funika pua, na kung'uta kikavu kabla ya maji.

Cherehani yangu ya miguu inashona kitenge vizuri, lakini nikiweka salfeti inaruka mishono na uzi unakatika.
*Msomaji, Kasulu*

Anza na sindano, maana mara nyingi ndiyo yenyewe. Namba 14 inatosha kitenge na bitana. Salfeti na jinzi zinataka namba 16. Mkanda wa tabaka nyingi au gunia la katani, namba 18. Iwe mpya. Salfeti hufubaza ncha upesi, na sindano butu husukuma kitambaa chini badala ya kukitoboa, kitanzi cha uzi hakiundwi na ndoano ya bobini haina cha kunasa. Hakikisha sindano imepanda hadi juu kabisa, na uzi unaingilia upande wenye mfereji mrefu.

Kisha refusha mshono hadi milimita 3 au 3.5, yaani mishono 7 au 8 kwa inchi. Tumia uzi wa poliesta. Legeza kidogo uzi wa juu, jaribu kwenye kipande cha pembeni, na kagua upande wa chini: fundo lijifiche katikati ya tabaka, lisionekane kama kamba iliyonyooka.

Salfeti yenye ngozi laini ya plastiki hunata chini ya mguu wa cherehani, mishono ikawa mifupi na kurundikana. Laza juu yake karatasi ya daftari, shona pamoja nayo, kisha ichane. Gazeti tunalikataa kwa sababu wino wake huchafua kitenge. Sindano ikipata joto na kuanza kunata, ipitishe juu ya kipande cha mshumaa. Na penye tabaka nyingi ondoa mguu kwenye pedali, zungusha gurudumu kwa mkono.

Vipochi vyangu vya zipu vinatoka na mawimbi, na pembe za juu zinavimba. Naviuza kwa wasafiri stesheni, nataka viwe safi.
*Msomaji, Tabora mjini*

Mawimbi yana vyanzo viwili. Yakionekana palepale mashineni, ulivuta kitenge wakati wa kushona. Acha meno ya cherehani yavute yenyewe. Yakitokea baada ya mteja kufua, kitenge kilirudi na zipu haikurudi, maana hukuloweka kabla.

Pembe zinavimba kwa sababu zipu inaingia ndani ya mshono wa pembeni. Kwa kipochi cha sentimita 20, kata vipande viwili vya nje na viwili vya bitana, kila kimoja 23 kwa 16. Zipu ya kupima ikate sentimita 18 tu, kisha ongezea vipande vya kitenge kila mwisho hadi urefu wote uwe 23. Mshono wa 1.5 utapita kwenye kitambaa tupu, na pembe zitatoka kali. Kumbuka kuacha zipu wazi hadi nusu kabla ya kushona kuzunguka, la sivyo hutaweza kugeuza kipochi. Kwenye bitana acha mlango wa sentimita 9 upande wa chini.

Mfuko wangu mpya umemwagikiwa mawese. Nimefua, bado una doa jekundu. Na kitako nilichotia boksi kimeharibika.
*Msomaji, Kibirizi, Kigoma*

Pole, dada. Doa la mawese ni vitu viwili, mafuta na rangi, na kila kimoja kina dawa yake. Nyunyiza unga wa muhogo ufyonze mafuta, ukung'ute, kisha paka sabuni ya kuoshea vyombo juu ya doa kabla ya kutia maji yoyote. Sugua, acha robo saa, fua kwa maji ya uvuguvugu, rudia hadi utelezi uishe. Rangi nyekundu itakayobaki hupaushwa na mwanga: anika doa likitazama jua, kitambaa kikiwa na unyevu. Kagua kila baada ya saa moja, kwa sababu jua hilohilo hufifisha kitenge. Usipige pasi kabla doa halijaisha.

Boksi halifai kwa mfuko wa sokoni, likilowa limekufa. Tafuta dumu la lita 20 lililotoboka, kata ubavu wake ulionyooka, sentimita 34 kwa 11 kwa kitako cha 35 kwa 12, na uviringe pembe zote nne kwa mkasi ili zisitoboe bitana. Livishe mfuko wa kitambaa ulio wazi upande mmoja, ulilaze chini bila kulishonea. Siku ya kufua unalichomoa.